Je, Jasho Hutoa Pombe Mwilini?

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni juu ya asubuhi inayofuata usiku wa pombe. Wengi wetu tunaijua asubuhi hiyo. Hata asiyekunywa anaijua, kwa sababu amemwona mume, kaka au jirani akiamka nayo. Leo tutajiuliza swali moja: Je, mtu aliyeamka na uchovu wa pombe akijifukiza mpaka atoke jasho jingi, atapona upesi?

Tuanze na mfano.

Jana kulikuwa na arusi kijijini. Pombe ilikuwa nyingi. Baba mmoja alianza kunywa saa 12 jioni, akarudi nyumbani usiku wa manane. Asubuhi kichwa kinamgonga. Kinywa kimekauka. Moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka. Akisikia harufu ya chakula anataka kutapika. Mkewe ana wasiwasi. Mzee wa jirani anapita kuwasalimu, anamwona mgonjwa.

"Mwanangu," mzee anamwambia yule mama, "hii ni pombe ya jana. Mpigie nyungu. Pombe yote itatoka kwa jasho."

"Haya, baba," mama anajibu.

Anachemsha maji na majani ya mwarobaini na mchaichai katika chungu kikubwa. Mume anakaa juu ya kigoda, chungu kiko mbele yake. Blanketi zito linamfunika yeye pamoja na chungu. Jasho linamtiririka. Baada ya robo saa anasema amepata nafuu. Anasimama. Mara macho yanaingia giza, miguu inamlegea, anaanguka juu ya chungu. Maji ya moto yanamwagikia mapajani. Sasa ana uchovu wa pombe na majeraha ya moto pia.

Mzee hakukusudia mabaya. Mama naye alitaka kumsaidia mumewe. Kosa lao ni moja tu: hawakujua pombe hutoka mwilini kwa njia gani. Basi tujifunze.

UCHOVU WA POMBE NI NINI?

Pombe zetu ni za namna nyingi. Kuna mbege, ulanzi, rubisi, wanzuki, komoni, tembo la mnazi na bia ya chupa. Ladha zake ni mbalimbali, lakini kitu kinacholevya ndani yake ni kimoja. Kitu hicho huitwa alkoholi. Katika somo hili tutakiita kilevi.

Kilevi kikiingia mwilini kinafanya mambo haya:

1. Kinapoteza maji ya mwili. Kwa kawaida ubongo huziamuru figo zitunze maji. Kilevi huivuruga amri hiyo. Ndiyo sababu mnywaji hukojoa mara kwa mara. Asubuhi anaamka na kiu, kinywa kimekauka na kichwa kinauma.

2. Kinachubua tumbo. Ndiyo sababu ya kichefuchefu na kutapika. Kutapika nako kunazidi kupoteza maji.

3. Kinaharibu usingizi. Mlevi hulala upesi, lakini usingizi wake haumpumzishi. Anaamka amechoka.

4. Kinaweza kushusha sukari ya damu, hasa kwa mtu aliyekunywa bila kula. Hapo mtu hutetemeka, huishiwa nguvu na hutoka jasho jembamba.

5. Kinaacha sumu. Ini linapoanza kukivunja kilevi, hukigeuza kwanza kuwa sumu. Baadaye huigeuza sumu hiyo kuwa kitu cha jamii ya siki, na mwisho kuwa maji na hewa chafu tunayoitoa kwa pumzi. Kazi hii huchukua muda, na mwili huumia wakati inapoendelea.

Mambo haya matano yakikutana, ndiyo uchovu wa pombe. Watu wa mjini huuita hangova.

POMBE HUTOKA KWA NJIA GANI?

Ndani ya tumbo, upande wa kulia, chini ya mbavu, kuna kiungo kikubwa kiitwacho ini. Umeyaona maini ya mbuzi au ya ng'ombe buchani. Binadamu naye ana ini. Kazi mojawapo ya ini ni kuzivunja sumu zilizoingia mwilini.

Katika kila sehemu 100 za kilevi alichokunywa mtu, zaidi ya sehemu 90 huvunjwa na mwili wenyewe, na karibu kazi yote hufanywa na ini. Sehemu chache zinazobaki ndizo hutoka kwa mkojo, kwa pumzi na kwa jasho. Zikigawanywa katika njia hizo tatu, jasho hupata kidogo sana.

Ini lina mwendo wake. Ni kama mama anayetwanga mahindi kwenye kinu. Ukimletea debe moja atatwanga. Ukimletea madebe sita kwa mara moja, hataweza kuyatwanga yote kwa saa ile ile. Mengine yatasubiri. Ini nalo halikimbizwi. Kahawa hailikimbizi, maji ya baridi hayalikimbizi, wala joto halilikimbizi.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu na karatasi, tuhesabu pamoja.

Chupa kubwa ya bia, yaani nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina kilevi cha gramu 20 hivi. Huo ni uzito wa vijiko vitano hivi vya chai vya sukari. Ini la mtu mzima huvunja kilevi cha gramu 8 hivi kwa saa moja. Wengine huvunja zaidi kidogo, wengine pungufu kidogo.

Tuseme yule baba alikunywa chupa 6.

20 x 6 = gramu 120.
120 kugawanya kwa 8 = saa 15.

Alianza saa 12 jioni. Ongeza saa 15. Ini lake litamaliza kazi saa 3 asubuhi. Kwa hiyo saa 12 asubuhi, anapoamka, bado ana pombe mwilini. Akipanda baiskeli au pikipiki, au akishika shoka, anafanya hivyo akiwa bado amelewa, ijapokuwa anadhani pombe imekwisha.

Sasa tuhesabu jasho. Mtu aliyekaa robo saa katika joto kali huweza kutoa jasho la nusu lita, yaani kama bilauri mbili. Katika jasho lote hilo, kilevi kilichomo asubuhi ile hakifiki gramu moja. Nusu lita ya maji imepotea ili kutoa kilevi kisichojaza hata robo ya kijiko cha chai. Katika robo saa hiyo hiyo, ini peke yake limeondoa gramu 2, bila blanketi wala chungu.

Tena liko jambo jingine. Uchovu wa pombe huwa mkali zaidi wakati kilevi kinapokaribia kwisha katika damu. Hapo karibu hakuna pombe ya kutoa. Mwili sasa unadai maji, chakula na usingizi.

TUJIFUNZE KWA WATU WA FINLAND

Wako watu ulimwenguni walioyazoea mambo ya joto kuliko sisi. Hao ni watu wa Finland, nchi ya baridi kali huko kaskazini ya Ulaya. Nchi hiyo ina watu milioni 5 na nusu hivi, na ina vyumba vya joto vipatavyo milioni 3. Chumba hicho huitwa sauna. Hujengwa kwa mbao. Ndani yake kuna jiko lililojazwa mawe juu. Mawe yakishika moto, watu huyamwagia maji kwa kata, na mvuke hujaa chumbani. Joto la sauna hufika nyuzi 80 mpaka 100. Kumbuka kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Watu huvumilia kwa sababu hewa ya humo ni kavu zaidi kuliko mvuke wa chungu, na kwa sababu hawakai muda mrefu. Wakitoka hujipoza kwa maji au hujitosa ziwani.

Kwa watu wale sauna ni sehemu ya maisha yao tangu zamani. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa mila za ulimwengu. Mtu mwenye afya nzuri akiingia sauna bila kulewa, kwa kawaida hapati madhara.

Lakini madaktari wa Finland wenyewe huwaonya watu wao wasichanganye sauna na pombe. Walipochunguza vifo vilivyotokea ndani ya sauna, waliona kwamba karibu nusu ya waliokufa walikuwa na pombe mwilini. Vifo hivyo si vingi ukilinganisha na wingi wa watu wanaoingia sauna. Hata hivyo vinatufundisha. Ikiwa watu waliozaliwa na sauna wanaonywa, sisi na nyungu yetu tusijidanganye.

NYUNGU YETU

Kujifukiza si jambo geni kwetu. Wazee walijifukiza kwa majani ya mwarobaini, mkaratusi, mpera na mlimau. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wengi wa Tanzania walipiga nyungu majumbani. Mvuke huweza kuzibua pua kwa muda, na joto humfanya mtu ajisikie mwepesi.

Hapa mtu anaweza kuuliza: "Mbona mimi nilijifukiza baada ya pombe, nikapona?" Swali lake ni zuri. Jibu ni hili. Alipojifukiza alikaa kimya, akapumzika. Alipomaliza alioga, akanywa maji, akalala. Wakati huo wote ini lilikuwa kazini. Kilichomponya ni mapumziko, maji na saa zilizopita. Angeyapata hayo hata kama asingewasha moto.

KWA NINI JOTO NI HATARI KWA MTU MWENYE UCHOVU WA POMBE?

Kwanza, joto huzidi kuukausha mwili. Mtu huyo amekwisha kupoteza maji kwa mkojo na matapishi. Ukimtoa jasho, unamwaga maji ya mtungi ambao tayari umepungua.

Pili, joto huangusha nguvu ya msukumo wa damu. Mtu akipata joto, mishipa ya ngozi hutanuka na damu nyingi hukimbilia kwenye ngozi. Damu inayofika kichwani hupungua, hasa anaposimama ghafla. Ndipo huona kizunguzungu na kuanguka. Hayo ndiyo yaliyompata baba wa mfano wetu.

Tatu, joto huutaabisha moyo. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Katika joto kali mapigo huweza kufika 120 au zaidi. Moyo wa mtu aliyekesha akinywa tayari unakwenda mbio, tena huweza kupiga bila mpango mzuri. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu anaweza kufa.

Nne, mlevi hasikii hatari upesi. Anaweza kusinzia chini ya blanketi, au kuungua bila kujua. Kama jiko la mkaa limewekwa ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake yenye sumu isiyonuka humlaza usingizi asiamke tena.

MTU AKIAMKA NA UCHOVU WA POMBE AFANYE NINI?

Hakuna dawa inayoponya uchovu wa pombe mara moja. Lakini mwili unaweza kusaidiwa hivi:

1. Mpe maji safi ya kunywa, kidogo kidogo, mara nyingi. Akigugumia maji mengi kwa mara moja atatapika.

2. Kama ametapika au ameharisha, mtengenezee maji ya chumvi na sukari. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kujaza kilima. Koroga mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi.

3. Mpe uji mwepesi, ndizi au supu. Chakula hurudisha sukari ya damu.

4. Mlaze mahali penye kivuli na hewa. Asiende shambani juani siku hiyo. Asiendeshe chombo chochote.

5. Akitaka kuoga, aoge maji ya uvuguvugu au ya kawaida.

Mambo haya msiyafanye:

1. Msimfukize wala kumweka karibu na moto.

2. Asizimue. Watu wengi huamka na kunywa pombe nyingine ili kichwa kitulie. Kichwa hutulia kwa muda kwa sababu mtu amelewa tena. Deni la ini linaongezeka. Anayezimua kila asubuhi yuko njiani kuwa mtumwa wa pombe.

3. Asimeze vidonge ovyo. Aspirini huzidi kulichubua tumbo. Parasetamoli nyingi huliumiza ini, na ini hilo bado lina kazi ya kilevi. Uliza kwanza kwenye zahanati.

USIDHANI KILA KICHWA NI CHA POMBE

Hili ndilo jambo kubwa katika somo la leo, ndugu msomaji. Ugonjwa mwingine hujificha nyuma ya pombe.

Malaria huleta kichwa, kutapika, kutetemeka na uchovu. Mtu aliyekunywa jana anaweza kuugua malaria leo. Mguse mwili. Kama una homa, mpelekeni zahanati akapimwe damu.

Sumu ya pombe haramu ni mbaya zaidi. Gongo au pombe nyingine iliyopikwa kwa siri huweza kuwa na kitu kiitwacho methanoli. Kwa macho na kwa harufu huwezi kuitambua. Mwaka 2014, mwezi wa Mei, makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Ubaya wa sumu hii ni kwamba huchelewa. Mtu hulewa kama kawaida, hulala, na dalili kali huweza kuanza baada ya saa 12 mpaka 24. Watu wa nyumbani hudhani ni uchovu wa jana. Wakimfukiza, saa za kumwokoa zinapita.

Mpelekeni mgonjwa hospitali haraka mkiona dalili yoyote kati ya hizi:

- Macho hayaoni vizuri, au anaona kama ukungu.
- Tumbo linauma sana na kutapika hakukomi.
- Anapumua kwa haraka sana, au kwa taratibu mno.
- Ana degedege.
- Anatapika damu.
- Amepotewa na akili, au haamki mkimwita na kumtikisa.

Aliyezimia msimlaze chali. Mlazeni ubavu, ili akitapika matapishi yasimzibe pumzi. Msimpe chochote cha kunywa. Msimwache peke yake. Semeni kwa daktari ukweli juu ya pombe aliyokunywa, hata kama ni gongo. Daktari anataka kumtibu mgonjwa, na hawezi kumtibu vizuri kama mmemficha.

TURUDI KWA YULE MAMA

Tuseme yule mama amelisoma somo hili kabla ya mzee kuja. Mzee anamwambia ampigie mumewe nyungu. Mama anamjibu kwa heshima: "Ahsante, baba. Nimesoma kwamba jasho halitoi pombe. Ngoja kwanza nimpe maji na uji, nimtazame macho na homa. Nikiona vibaya utanisaidia kumfikisha zahanati." Mzee anaketi kumsaidia. Saa 9 alasiri baba anaamka na kuomba chakula. Miguu yake ni mizima. Kesho atakwenda shambani.

Dawa bora ya uchovu wa pombe mnaijua: kutokunywa, au kunywa kidogo, baada ya kula, na kuacha mapema. Aliyekwisha kunywa, mpeni maji, kivuli na muda, na mumwangalie.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni kiungo gani cha mwili huvunja kilevi?
2. Mtu alikunywa chupa 4 za bia, akaanza saa 2 usiku. Ini lake litamaliza kazi saa ngapi?
3. Taja hatari tatu za kumfukiza mtu mwenye uchovu wa pombe.
4. Ni dalili zipi zinazotuonyesha kwamba mtu amekunywa sumu?
5. Katika kijiji chenu, nani ana chombo cha kumfikisha mgonjwa hospitali usiku? Kubalianeni leo, kabla haja haijatokea.

MANENO YA KUJIFUNZA

Figo: viungo viwili vinavyochuja damu na kutengeneza mkojo.
Kilevi: kitu kilichomo ndani ya pombe kinacholevya.
Kuzimua: kunywa pombe asubuhi ili kutuliza uchovu wa pombe ya jana.
Methanoli: sumu inayofanana na kilevi, hupofusha na kuua.
Mvuke: moshi wa maji yanayochemka.